Jizoeze kutoka garini ukiwa umefumba macho

Wewe unayeanza mbio za magari mwishoni mwa wiki, kabla ya kuongeza nguvu za injini, fanya hivi: vaa kila kitu, helmeti, glavu na ovaroli, jifunge mikanda barabara, fumba macho, kisha mwenzako ahesabu sekunde hadi miguu yako iguse chini nje. Madereva wa Formula 1 hutakiwa kutoka ndani ya sekunde 7. Rudia kupitia mlango wa pili pia, maana wako unaweza kubanwa. Mwelekezi wako, yule anayekaa kando yako akikusomea njia, naye afanye hivyo hivyo. Moshi ukijaa hutaona kitu. Mikono ndiyo itakayokumbuka kufuli ya mkanda iko wapi.

Gari likilala kichwa chini, tanguliza mkono mmoja kwenye paa ndipo ufungue mkanda. Usipofanya hivyo utaangukia shingo.

Novemba 29, 2020, kule Bahrain, dereva wa Formula 1 Romain Grosjean alipata ajali, akakaa ndani ya moto kwa takriban sekunde 28 akatoka akiwa hai, mikono ndiyo iliyoungua zaidi. Kwa hiyo glavu usizivue hata jua likichoma vipi. Na chini ya ovaroli usivae fulana ya poliesta, tafadhali sana: huyeyuka na kugandia ngozini. Kama huna nguo za ndani zisizoshika moto, afadhali pamba tupu.

Mtungi wa kuzimia moto ufungwe kwa mabano ya chuma, mahali unapofikia ukiwa bado umejifunga mikanda.