Deni la kadi ya mume: usilipe kwa hofu
Wakusanya madeni waliponipigia kuhusu kadi ya mkopo ya mume wangu, nilikaribia kulipa papo hapo. Dada, tulia kwanza. Ombeni taarifa za kadi, mzipitie pamoja mstari kwa mstari. Mimi nilishika kalamu mbili: nyekundu kwa matumizi yake binafsi, buluu kwa karo na unga wa nyumbani. Maana hapa Kenya, kifungu cha 10 cha Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 kinawagawia sawa deni lililochukuliwa ndani ya ndoa kwa manufaa ya ndoa. La buluu nililikubali. Kumbuka pia kama uliwahi kusaini udhamini. Nyumba ya familia isiwekwe rehani kimyakimya: katika ndoa ya mke mmoja, kifungu cha 12 kinataka idhini yenu wawili.