Namna ya kuchagua waya wa sola usiopoteza umeme njiani

Betri ya sola ikiwekwa juu ya nyumba ya ghorofa mjini Lamu na friji ya samaki ikawa chini, waya unaoziunganisha ndio unaoamua kama friji itagandisha au itanguruma tu. Mara nyingi betri hulaumiwa bure.

Ukinzani wa waya, yaani kiasi ambacho waya huzuia umeme kupita, hutegemea madini yake, urefu, unene na joto. Kwa waya wa shaba, zidisha 0.0172 kwa urefu wa mita, ukihesabu kwenda na kurudi, kisha ugawanye kwa unene uliopimwa kwa milimita za mraba. Jibu ni ukinzani kwa omu. Tuseme friji ya volti 12 inavuta ampea 8 na iko mita 15 kutoka kwenye betri, yaani mita 30 za waya kwa jumla. Waya wa milimita za mraba 2.5 una omu 0.206, na ukizidisha kwa ampea 8 utaona kwamba volti 1.65 zinapotea njiani, hasara ambayo friji haiwezi kuivumilia. Waya wa milimita za mraba 10 hupoteza volti 0.41 tu. Ni ghali, lakini mimi ningeununua huo.

Kabla ya kulipa, kwangua ncha ya waya kwa kisu. Ukiona weupe ndani ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na ukinzani wa alumini unazidi wa shaba kwa zaidi ya nusu.

Usipitishe waya juu ya bati linalochomwa na jua, kwa sababu joto huzidisha mtikisiko wa atomu, nazo huzuia elektroni zinazopita. Shaba iliyopanda kutoka nyuzi 20 hadi 60 huongeza ukinzani kwa takriban asilimia 16.

Jambo linalostahili uangalifu zaidi kwetu pwani ni maungio. Hewa ya chumvi huyatia kutu ya kijani, na kutu hiyo haipitishi umeme vizuri kama shaba. Zima umeme, kata sehemu iliyoharibika hadi ufikie shaba inayong'aa, unga kwa risasi ya kulehemu, kisha funika kwa mpira usioingiza maji. Baadaye washa friji na upime volti kwenye betri na kwenye friji: tofauti ikizidi volti 0.5 kwa waya huo wa milimita za mraba 10, kagua maungio moja baada ya jingine.