Biogesi ya kinyesi cha mifugo: jenga vizuri, lisha vizuri zaidi

Mitambo mingi ya biogesi niliyoitwa kuitazama baada ya kuzimika haikuwa na ufa hata mmoja. Kuta nzima, bomba zima, ila tumbo limeharibika. Mtambo ni tumbo kweli: ndani yake mna bakteria wasiotaka hewa, wanaokula kinyesi na kutoa methani, gesi inayowaka jikoni. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye kulisha kuliko kwenye kujenga.

Hatua ya 1: Pima kinyesi, usihesabu vichwa

Ng'ombe anayeshinda malishoni huacha sehemu kubwa ya kinyesi huko huko. Kwa siku saba, zoa bandani kila asubuhi, pima kwa mizani, andika. Wastani wake ndio chakula cha mtambo wako.

Hatua ya 2: Kokotoa ukubwa

Tuseme umepata kilo 40 kwa siku. Ukizichanganya na lita 40 za maji, una takriban lita 80 za uji. Mahali penye joto la wastani uji hukaa ndani siku 50 hivi: 80 mara 50 ni lita 4,000, yaani mita 4 za ujazo. Ongeza robo au theluthi iwe nafasi ya gesi. Kilo moja ya kinyesi kibichi cha ng'ombe hutoa kama lita 30 hadi 40 za gesi, hivyo tegemea lita 1,200 hadi 1,600 kwa siku. Jiko la kichomeo kimoja litawaka kwa muda wa saa tatu hadi nne na nusu kwa siku. Usimruhusu fundi akujengee mtambo mkubwa kuliko kinyesi ulicho nacho. Haukuzidishii gesi, unakuzidishia gharama tu.

Hatua ya 3: Chagua aina na mahali

Kuba la matofali chini ya ardhi hudumu miaka mingi, lakini linataka fundi anayejua kupiga lipu isiyopitisha gesi. Mfuko wa plastiki hufungwa upesi, ila uukinge na jua, panya na kwato. Jenga karibu na banda kuliko jikoni: gesi hujisafirisha yenyewe bombani, kinyesi utakibeba wewe kila siku. Kaa mbali na kisima.

Hatua ya 4: Jaza mara ya kwanza

Anza na kinyesi kibichi cha ng'ombe, hata kama baadaye utalisha cha nguruwe au kuku, kwa sababu bakteria wa methani tayari wamo. Ndoo kwa ndoo na maji, koroga hadi mabonge yaishe, toa majani na mchanga. Ukipata tope kutoka mtambo unaofanya kazi, mimina ndani, kama unavyogandisha maziwa kwa mtindi wa jana. Kisha subiri wiki mbili hadi nne.

Gesi ya kwanza ina hewa na kaboni dioksidi nyingi. Iachie nje, mbali na moto wowote. Methani ikiwa asilimia 5 hadi 15 ndani ya hewa hulipuka, kwa hiyo usijaribu kiberiti kwenye bomba wala kwenye mtambo. Washa jikoni tu. Bomba linalovuja litafute kwa povu la sabuni.

Hatua ya 5: Lisha kila siku, kipimo kile kile

Hapa ndipo mitambo hufa. Niliwahi kuulisha wangu kinyesi cha siku nne kwa mkupuo, kwa kuwa nilisafiri na sikutaka kipotee. Siku chache baadaye moto ulidhoofika na tope likanuka uchachu mkali. Bakteria wanaotengeneza asidi huenda mbio kuliko wale wa methani. Ukishindilia, asidi hujaa. Nilidhani una njaa nikaongeza tena, na hilo ndilo kosa lililouzimisha. Ukiona dalili hiyo, acha kulisha siku kadhaa, kisha rudi na nusu ya kipimo.

Maji ya sabuni na dawa za kusafishia banda yasiingie kabisa. Kinyesi cha mnyama aliyechomwa antibiotiki kiweke kando. Cha kuku kina nitrojeni nyingi: kitie kidogo kidogo, kwa maji mengi zaidi. Wakati wa baridi gesi hupungua, na chini ya nyuzi joto 15 za Selsiasi hukaribia kukoma. Changanya uji mchana, jua likiwa kali.

Hatua ya 6: Bomba na jiko

Laza bomba kwa mteremko na weka mtego wa maji, yaani chombo cha kukusanya maji ya bombani, sehemu ya chini kabisa. Moto ukirukaruka, mara nyingi ni maji bombani. Harufu ya mayai viza ni haidrojeni salfaidi, inayokula vyuma na kudhuru mapafu. Ipitishe kwenye nyuzi za chuma zinazoshika kutu. Ikizidi, pua huacha kuinusa, kwa hiyo usiingie kamwe ndani ya mtambo, hata kama mtambo hauna kitu ndani.

Hatua ya 7: Tope linalotoka

Lichimbie shimo lenye kivuli na ulifunike, maana nitrojeni yake hupaa juani kama amonia. Shambani limimine kwenye mfereji kando ya mimea, jioni, kisha ulifukie papo hapo.