Jinsi ya Kulinganisha Albamu za Dethi Metali na Bleki Metali Bila Kuipunja Yoyote

Mashabiki wa metali kali, yaani muziki wa roki mzito wa magitaa yenye mkwaruzo, hubishana kwa moyo wote, na ubishi uliodumu kuliko mwingine ni ule wa tanzu zake mbili, dethi metali (death metal) na bleki metali (black metal). Kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika ulinganisho wa albamu za tanzu hizi mbili, na kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi ni hili: mwandishi huzichukua sifa za utanzu anaoupenda, huzigeuza kuwa kipimo, kisha huupima utanzu wa pili kwa kipimo hicho hicho. Matokeo yake hujulikana kabla ya wimbo wa kwanza kuanza. Hatua zinazofuata ndizo ninazozitumia mimi, na mtu mwenye albamu mbili, hedifoni nzuri na saa chache za utulivu anaweza kuzifuata.

Hatua ya kwanza: Tafuta jozi inayolinganika

Ulinganisho mwingi huharibikia hapa. Mtu huchukua albamu bora ya upande wake na kuishindanisha na albamu dhaifu ya upande wa pili, au huchukua albamu mbili zilizopishana miaka ishirini na kudai kwamba utanzu ndio ulioleta tofauti ambayo kwa kweli imeletwa na mabadiliko ya vifaa vya studio. Chagua albamu za kipindi kimoja, na kadiri inavyowezekana punguza mambo yanayotofautiana hadi libaki lile unalotaka kulichunguza.

Kwa anayeanza, sijapata jozi inayofundisha zaidi ya Soulside Journey na A Blaze in the Northern Sky, zote mbili za bendi ya Darkthrone ya Norwe, na zote zikiwa zimetolewa na lebo (kampuni ya kutoa rekodi) ya Peaceville ya Uingereza. Ya kwanza, iliyotoka mwaka 1991, ni dethi metali na ilirekodiwa Stockholm katika studio ya Sunlight chini ya Tomas Skogsberg. Ya pili, iliyotoka mwaka 1992, ni bleki metali na ilirekodiwa Kolbotn, nyumbani kwao. Wapigaji ni wale wale wanne: Fenriz kwenye dramu, Nocturno Culto na Zephyrous kwenye magitaa, na Dag Nilsen kwenye besi. Kwa hiyo sikio linaposikia tofauti kati ya albamu hizi, huwezi kusema kwamba hawa wanajua kupiga na wale hawajui. Mikono ni ile ile. Kilichobadilika ni uamuzi wa muziki uweje.

Hatua ya pili: Sawazisha ukubwa wa sauti

Sikio la binadamu hudanganywa kwa urahisi na sauti kubwa. Kati ya rekodi mbili, ile inayosikika juu kidogo huonekana kuwa na nguvu zaidi na hata kuwa safi zaidi, ingawa hakuna kingine kilichobadilika. Tatizo hili ni kubwa katika metali kwa sababu albamu nyingi za zamani zimefanyiwa masta upya, yaani sauti yao ya mwisho imetengenezwa tena studio, na kusukumwa juu kupita zilivyokuwa.

Nilijifunza jambo hili kwa machungu. Katika moja ya kazi zangu za mwanzo niliandika kwa uhakika kwamba albamu fulani ya dethi metali iliishinda kwa mbali mwenzake ya bleki metali kwa uzito wa dramu. Baadaye niligundua kwamba ya kwanza niliisikiliza katika toleo lililofanyiwa masta upya na ya pili katika toleo la awali. Niliposawazisha sauti zao, nusu ya hoja yangu iliyeyuka, na ilinibidi niiandike upya kazi yote.

Ziweke nakala za albamu zote mbili kwenye programu ya kuhariri sauti, kwa mfano Audacity ambayo ni ya bure, kisha tumia amri yake ya kusawazisha ukubwa wa sauti ili zote zifikie kiwango kimoja cha LUFS, ambacho ni kipimo cha ukubwa wa sauti kinachozingatia jinsi sikio linavyosikia. Kiwango cha -23 kinatosha. Usiguse faili za asili, na kila inapowezekana tumia toleo la kwanza la kila albamu.

Hatua ya tatu: Sikiliza nzima kabla ya kuandika

Sikiliza kila albamu mara mbili kutoka mwanzo hadi mwisho bila kalamu, na kwa siku tofauti. Uchovu wa sikio huja haraka katika muziki huu, na albamu inayosikilizwa ya pili siku hiyo hiyo huonewa.

Hatua ya nne: Pima kasi mbili, si moja

Naomba msomaji atulie zaidi katika hatua hii kuliko nyingine yoyote, kwa maana hapa ndipo tanzu hizi mbili zinapoachana kweli.

Wengi hupima kasi kwa mapigo ya dramu peke yake. Dramu ikipigwa kwa blasti, yaani lile pigo la mfululizo ambamo snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali) na ngoma ya mguu hukimbizana bila kupumua, husema wimbo una kasi, na wanaishia hapo. Lakini zipo kasi mbili. Ya kwanza ni kasi ya mikono: katika mwendo wa mapigo 200 kwa dakika, mpiga gitaa anayegawa kila pigo mara nne hugusa waya mara 800 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 13 kwa sekunde. Ya pili ni kasi ya mabadiliko: ni baada ya muda gani noti, kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) au rifu inahama na kuwa nyingine? Rifu ninayoizungumzia ni kile kifungu kifupi cha gitaa kinachorudiwa na kuujenga wimbo.

Chukua Altars of Madness ya Morbid Angel, albamu ya dethi metali iliyotoka mwaka 1989 baada ya kurekodiwa katika studio ya Morrisound huko Tampa, Florida. Pete Sandoval anapiga dramu kwa kasi kubwa sana, na rifu nazo zinahama kwa kasi: moja inakatwa, nyingine inaingia, mwendo unavunjwa, solo la gitaa linarukia ndani kana kwamba limechelewa, kisha wimbo unageuka tena. Kasi zote mbili ziko juu, na tukio analolisubiri msikilizaji ni lile badiliko lenyewe.

Sasa weka wimbo wa kwanza wa Transilvanian Hunger ya Darkthrone, albamu ya mwaka 1994 ambayo Fenriz alipiga vyombo vyote peke yake na kuirekodi kwa mashine ya njia nne tu, huku Nocturno Culto akiimba. Kasi ya mikono iko juu hapa pia, kwa kuwa gitaa linachapwa kwa tremolo, yaani waya ule ule kuguswa mfululizo kwa haraka, bila kukoma. Lakini dramu haigeuki. Pigo moja linashikiliwa kwa muda mrefu, na juu yake melodia ya gitaa inasogea polepole, noti kwa noti, kama ukungu unaoshuka mlimani. Baada ya dakika mbili sikio linaacha kuhesabu mapigo na kuanza kusikia sauti moja pana iliyosimama. Anayesema kwamba albamu hii inachosha kwa sababu haibadiliki ameitaja mbinu yake kuu na kuiita kasoro.

Kwa hiyo andika namba mbili kwa kila wimbo. Ya kwanza ni mapigo kwa dakika. Ya pili ni idadi ya mara ambazo rifu inabadilika katika dakika tatu za mwanzo. Ihesabu ukiwa na saa mkononi, na kila inapobadilika andika dakika na sekunde. Kazi hii ni ya taabu, lakini ukiifanya kwa nyimbo tatu tu za kila albamu utaanza kusikia mambo ambayo miaka ya ubishi haikukuonyesha.

Hatua ya tano: Uliza sauti ya studio inahudumia nini

Usitoe alama kwa usafi wa sauti. Uliza kama sauti hiyo inausaidia utunzi uliopo. Rifu ya dethi metali hupigwa mara nyingi kwa waya zilizolegezwa ili zishuke chini na kufifishwa kwa kiganja, kwa hiyo kila pigo lazima lisikike peke yake. Likivurugika, rifu inageuka tope. Ndiyo maana ngoma ya mguu katika rekodi nyingi za utanzu huu hupewa mlio mkavu wa juu unaopenya katikati ya magitaa mazito. Tremolo ya bleki metali inadai kinyume chake. Mapigo yake yanapaswa kuungana na kuwa kama pazia moja, na ukiisafisha hadi kila mguso wa waya usikike, pazia linachanika.

Hata hivyo, hoja hii isiwe kichaka cha kuficha rekodi mbovu. Kuna albamu za bleki metali ambazo sauti yake hafifu haihudumii chochote, na mkosoaji ana wajibu wa kulisema hilo. Vivyo hivyo, usihukumu kwa jina la studio. Sunlight inajulikana kwa mkwaruzo wa gitaa unaofanana na msumeno, uliotokana na pedali ya Boss HM-2 (kifaa cha kukanyaga kinachokwaruza sauti ya gitaa) na kusikika vizuri kwenye Left Hand Path, albamu ya bendi ya Entombed ya mwaka 1990, lakini Soulside Journey iliyotoka studio hiyo hiyo haina mkwaruzo huo kwa kiwango kile.

Hatua ya sita: Sauti ya mwimbaji, maneno na yaliyo nje ya muziki

Dethi metali hupendelea mngurumo wa chini unaotoka kifuani. Bleki metali hupendelea ukelele mkali wa juu. Usiulize upi ni bora. Sikiliza kama unaacha nafasi kwa gitaa au unalifunika.

Mambo ya nje ya muziki yapewe aya yake, wala yasifichwe. Toleo la kwanza la Transilvanian Hunger lilibeba nyuma ya jalada maneno ya Kinorwe yenye ubaguzi wa rangi, ambayo matoleo ya baadaye yaliyaondoa, na maneno ya nyimbo zake nne yaliandikwa na Varg Vikernes, aliyehukumiwa mwaka 1994 kwa mauaji na uchomaji wa makanisa. Msomaji anastahili kulijua hilo kabla ya kuipeleka albamu nyumbani kwake. Mimi huliandika mapema na kwa maneno ya wazi, kisha nazungumzia muziki, na wala sikubali moja lilifute lingine.

Hatua ya saba: Andika hukumu inayoweza kukaguliwa

Kila sentensi ya hukumu iwe na mahali inapoweza kuonyeshwa kwenye rekodi. Sentensi kama “A Blaze in the Northern Sky ina sauti mbovu” haimsaidii mtu. Linganisha na hii niliyoiandika baada ya kupita hatua zote: “Magitaa ya albamu hii yamepunguziwa uzito wa chini, na kwa hiyo rifu za polepole za wimbo wa In the Shadow of the Horns zinasikika baridi na wazi, lakini katika Kathaarian Life Code, wimbo unaozidi dakika kumi, zimo rifu ambazo bado zina umbo la dethi metali, na hizo zinaukosa mshindo ambao zingeupata kwenye Soulside Journey.”

Sentensi hiyo haimtangazi mshindi wa tanzu zote mbili, na sikuikusudia ifanye hivyo. Inaonyesha mahali ambapo bendi moja ilikuwa imeshahama kwa masikio ilhali vidole vyake vilikuwa bado njiani. Ukishaandika sentensi tano au sita za aina hiyo kwa kila albamu, zisome huku rekodi ikicheza, na ufute kila moja ambayo huwezi kuiwekea dakika na sekunde yake.