Ukiigusa ndege iliyoegeshwa, toa taarifa kabla haijaondoka
Gari la mizigo au ngazi ya abiria ikiigonga ndege iliyoegeshwa, hata kwa mwendo wa kutambaa, usiridhike kwa kuupapasa ubavu wake na kuuona laini. Kiwiliwili cha Boeing 787 au Airbus A350 kimeundwa kwa sehemu kubwa kwa nyuzi za kaboni zilizogandishwa tabaka kwa tabaka, na tabaka hizo zinaweza kuachana kwa ndani huku nje pasionekane hata mbonyeo. Ndiyo maana ni lazima fundi aitwe aikague. Kumbuka pia kwamba ndege hushuka kadiri inavyojazwa mafuta na mizigo, kwa hiyo nafasi uliyoiacha kati ya ngazi na sehemu ya chini ya mlango ulio wazi, ambayo mwanzoni ilipitisha kiganja, inaweza kwisha ngazi ikiwa palepale.