Jinsi ya kutengeneza miksi ya nyimbo za miaka ya 1960 kwa mwendo wa Ready Steady Go!

Miksi nyingi za nyimbo za miaka ya 1960 huharibika kwa sababu moja. Anayezimiksi huzifanya kama nyimbo za klabu za leo: anaingiza wimbo wa pili polepole juu ya wa kwanza, na kwa sekunde ishirini nzima msikilizaji anapata uji mtupu. Muziki ule haukutengenezwa hivyo, na televisheni haikuuonyesha hivyo. Mimi huchagua kipindi kimoja cha muziki cha enzi hizo, kisha nakiacha kiamue nyimbo, mpangilio na namna ya kuhama.

Hatua ya 1: Chagua kipindi

Kila kipindi kinazaa miksi yake. Top of the Pops ya BBC, iliyoanza tarehe 1 Januari 1964, ilifuata chati ya mauzo. Ukiifuata hiyo, chukua chati ya wiki moja tu, pamoja na nyimbo zake za mapenzi za kulegea, maana nazo zilikuwemo. American Bandstand ya mtangazaji Dick Clark kule Marekani ilikuwa ya wachezaji, kwa hiyo kigezo ni kimoja: wimbo unachezeka au hauchezeki.

Kwa mwongozo huu natumia Ready Steady Go!, iliyorushwa na ITV Uingereza Ijumaa jioni kuanzia Agosti 1963 hadi Desemba 1966. Naipenda kuliko zote. Vijana walicheza ndani ya studio, kamera zikipita katikati yao, na mtangazaji Cathy McGowan alikuwa wa rika lao. Pia iliupa muziki wa Wamarekani weusi nafasi ya heshima. Mwaka 1965 Dusty Springfield aliongoza toleo maalumu la Motown, kampuni ya rekodi ya mjini Detroit, Marekani, lenye The Supremes, The Temptations, The Miracles, Stevie Wonder na Martha and the Vandellas. Ndiyo maana miksi yetu itachanganya bendi za gitaa za Uingereza na sauti za Detroit, wala haitazitenga.

Hatua ya 2: Tafuta nyimbo za mono

Nyimbo nyingi za wakati ule zina dakika mbili na nusu hivi, kwa hiyo nusu saa inataka kama 12. Ukipata toleo la mono, yaani lenye sauti ileile kwenye spika zote, chukua hilo. Sahani ndogo za santuri za wimbo mmoja zilikuwa za mono, na televisheni vilevile. Matoleo mengi ya stereo (sauti tofauti kushoto na kulia) ya miaka ile yaliweka sauti ya mwimbaji upande mmoja na vyombo upande mwingine. Yapige kwenye ukumbi wenye spika mbili zilizoachana mbali, na aliyekaa kushoto atasikia ngoma bila mwimbaji. Ukikosa mono, geuza faili yako ya stereo kuwa mono ndani ya Audacity, ambayo ni programu ya bure.

Hatua ya 3: Pima mapigo kwa mkono

Kwenye programu yako ya kumiksi, zima kitufe kinacholinganisha mapigo chenyewe. Wapiga ngoma wale hawakufuata mashine. Wimbo unaweza kuanza na mwendo huu na kufika kiitikio cha mwisho umeongeza kasi, na programu ikijaribu kuunyoosha, utasikia sauti zinavyopinda. Gonga mapigo mwenyewe mwanzoni na mwishoni mwa kila wimbo, andika namba zote mbili. Unapopanga, linganisha mwisho wa huu na mwanzo wa ule.

Hatua ya 4: Kata, usifinyange

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Fikiria kamera: inamwacha mwimbaji huyu, inatua kwa yule. Miksi nayo ihame hivyo, kwa mkato mmoja juu ya pigo.

Fungua na "5-4-3-2-1" ya Manfred Mann, iliyokuwa wimbo wa kufungulia kipindi. Halafu "Dancing in the Street" ya Martha and the Vandellas. Mwishoni wimbo huu unafifia, lakini usiusubiri ufifie. Sikiliza kiitikio cha mwisho chenye nguvu, kata pale kinapokamilika, na papo hapo ingiza gitaa la "You Really Got Me" ya The Kinks. Gitaa hilo linaanza peke yake, kwa hiyo halitagombana na chochote.

Kwa The Supremes kuna zawadi iliyoandaliwa tayari. "Stop! In the Name of Love" inaanza na kinanda kinachopanda kwa mkupuo, kisha waimbaji wanaingia na kiitikio moja kwa moja. Laza ule mpando wa kinanda juu ya pigo la mwisho la wimbo uliotangulia, kisha uunyamazishe wimbo huo kabisa waimbaji wanapoanza. Sogeza faili kidogo kidogo, sehemu ndogo za sekunde, hadi mguu wako ukubali.

Nyimbo zenye mwisho kamili, kama "I Want to Hold Your Hand" ya The Beatles, ziache ziishe. Baada yake weka makofi ya watu au ukimya wa pigo moja. Kufunga, weka "My Generation" ya The Who. Inaishia kwa vurugu, na baada yake hakuna wimbo unaosimama vizuri.

Hatua ya 5: Sawazisha sauti na ujaribu

Usilinganishe ngoma, linganisha waimbaji: sauti ya kila mmoja isikike kwa ukubwa uleule. Matoleo yaliyosafishwa upya mara nyingi huwa na sauti kubwa zaidi, kwa hiyo shusha hayo badala ya kupandisha ya zamani.

Kisha sikiliza miksi nzima kwenye spika ya simu, bila hedifoni. Palipo na mkato unaokushtua vibaya, rudi hapo tu. Kumbuka nyimbo hizi bado zina wenyewe. Ukiipandisha mtandaoni inaweza kuzuiwa, lakini kwa sherehe ya nyumbani iko tayari.