Kuupima utando wa seli kwa bitiruti

Utando wa seli una unene wa takriban nanomita 7, hivyo hadubini ya shuleni haiwezi kukuonyesha umeundwaje. Bitiruti hukuonyesha kazi yake kwa macho matupu. Rangi yake nyekundu, betalaini, imefungiwa ndani ya vakuoli, yaani kifuko cha majimaji kilicho ndani ya seli, na ili itoke lazima ivuke tando mbili: wa vakuoli, kisha ule unaoizunguka seli nzima. Ukiona maji yamekuwa mekundu, ujue zote mbili zimeachia.

Andaa bitiruti moja mbichi iliyokaza, kisu kikali, rula, sufuria, kipimajoto, glasi tano zisizo na rangi, bomba la sindano la ml 10, kibanio butu na saa. Iliyochemshwa haifai kabisa. Tando zake zilishakufa jikoni.

1. Menya, kisha kata vipande vitano vya mraba wa sm 1, unene wa mm 3. Vyote vitoke kwenye bitiruti hiyohiyo, kwa sababu rangi hutofautiana kati ya moja na nyingine. Usizidishe unene: kipande kinene hubaki baridi katikati.

2. Osha vipande kwenye maji yanayotiririka mpaka maji yatoke meupe, kwa kawaida dakika 5 hadi 10. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kisu hupasua seli zote za ukingoni, na rangi yake humwagika hata kabla ya joto. Usipoiosha, glasi ya nyuzi 30 itakuwa nyekundu na utaulaumu utando bure. Kausha kwa kugusisha tishu, bila kukamua.

3. Weka ml 10 za maji ya kawaida kwenye kila glasi na uziandike 70, 60, 50, 40 na 30.

4. Pasha maji ya sufuria yafike nyuzi 70 za sentigredi, zima moto. Tumbukiza kipande cha kwanza kwa dakika 2 kamili, kisha kihamishie kwenye glasi yake. Subiri maji yapoe hadi 60, weka cha pili, na uendelee kushuka hivyo. Kushuka ni rahisi kuliko kupanda, maana ukiwa na jiko la mkaa au la gesi joto hukuponyoka haraka. Koroga kabla ya kusoma kipimajoto, na shika kipande taratibu. Kibanio kikibana, nacho hupasua seli.

5. Kila kipande kikae kwenye glasi yake dakika 20, ukihesabu tangu kilipoingia. Kitoe, koroga, weka karatasi nyeupe nyuma ya glasi, upe rangi alama 0 hadi 5. Mwenye kolorimita, kifaa cha kupima ukali wa rangi, atumie kichujio cha kijani, kwa kuwa betalaini nyekundu hufyonza zaidi mwanga wa karibu nanomita 535.

Utaona 30 na 40 zimepauka, halafu rangi inaruka ghafla kati ya 50 na 60. Mruko huo ndio wa kuuelewa vizuri. Utando ni tabaka mbili za fosfolipidi, molekuli za mafuta zenye kichwa na mikia: vichwa vinavyopenda maji vimeelekea nje na ndani, mikia ya mafuta inayoyakimbia maji imekutana katikati. Betalaini huyeyuka kwenye maji na ina chaji, kwa hiyo mafuta ya katikati huizuia. Mwaka 1972 wanasayansi Singer na Nicolson waliuelezea utando kama mafuta yanayotiririka, yakiwa yamepachikwa protini. Joto likipanda, fosfolipidi huchangamka na tabaka hulegea kidogokidogo. Lakini protini zikishapoteza umbo lake, utando hubaki na mianya na rangi humiminika. Ndiyo maana ukichora grafu ya alama za rangi na joto, hupati mstari ulionyooka.

Ukiwa na muda, ongeza vipande viwili vilivyooshwa. Kimoja kilale kwenye friza usiku kucha, kisha kiyeyuke ndani ya ml 10 za maji: fuwele za barafu hutoboa tando, na maji huwa mekundu bila joto lolote. Kingine kitie kwenye ml 10 za ethanoli ya asilimia 70, mbali na moto. Ethanoli huvuruga mafuta ya utando na kuharibu protini zake, na rangi huanza kutoka ndani ya dakika chache.